Hereni za vipande vya fundi

Jumamosi nilikuwa na kicheni pati ya binamu yangu na mkobani imebaki elfu tatu. Gauni lilishashonwa, shida hereni. Nikapita kwa fundi kuomba vile vipande vya kitenge vinavyolala chini ya cherehani. "Chukua tu dada, mimi nawashia mkaa." Bure!

Nikakata boksi la viatu kwa kufuatisha kifuniko cha chupa, nikapaka gundi nyeupe, nikabandika kitenge pande zote mbili. Nyuzi za pembeni zikawa zinachomoka chomoka, nikazituliza kwa rangi ya kucha ile ya maji, mara mbili. Kulabu nilinyofoa kwenye hereni za zamani zilizobaki moja moja (najua nanyi mnazo).

Jozi ya kwanza niliharibu. Sikungoja ikauke, boksi likajikunja kama chapati ya jana. Na supaglu msiguse jamani! Vidole viwili vilishikana, nikakaa navyo kwenye maji ya vuguvugu ya sabuni mpaka saa tano usiku.

Ukumbini shangazi akanishika sikio kabisa: "Hizi Kariakoo duka gani?" Nina oda sita sasa, na fundi ameanza kuniuliza vipande vyake nitamlipa bei gani 😂