Kumbe oili haikupungua, nilikuwa napima vibaya

Wiki mbili mfululizo nilikuwa naongeza oili ya injini kwenye gari langu, na kila asubuhi kijiti cha kupimia kinaonyesha bado iko chini. Kisha gari likaanza kutoa moshi wa bluu. Niliogopa sana, maana ndilo linalotulisha nyumbani.

Kosa lilikuwa pale ninapoegesha. Uwanja wetu una mteremko, na gari likitazama juu, oili inakimbilia upande wa nyuma wa sampo (bakuli la oili chini ya injini), mbali na kijiti. Nikalipeleka mahali tambarare, nikaliacha lipate joto, nikazima na kusubiri dakika 10 ili oili ya juu ishuke. Nikachomoa kijiti, nikakifuta kikauke kabisa, nikakirudisha mpaka kikagota, nikachomoa tena. Upimaji huu wa pili ndio wa kuamini; wa kwanza huwa na oili iliyopakaa ukutani mwa bomba.

Ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole! Ikizidi hivyo, kranki (mhimili unaozunguka ndani ya injini) huichapa ikawa povu, na povu halilainishi vyuma. Fundi akalegeza nati ya sampo, tukaipunguza kidogo kidogo huku tukipima, hadi ikakaa chini kidogo ya alama ya juu. Moshi ukakata baada ya siku mbili.