Ile siku ya tundu la sudo

Tarehe 26 Januari 2021 ndo habari ilitoka. Watu wa Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, wamegundua kwamba yuza wa kawaida kabisa, asiye na ruhusa yoyote ya maana, anaweza kupitia sudo, ile programu ya kumpa yuza ruhusa za juu kwa muda, akageuka ruti, yani mwenye mamlaka yote kwenye mashine, na tundu lenyewe lilikuwemo humo tangu 2011! Kwetu maana yake ilikuwa seva zote za Linux.

Pachi, yani rekebisho la kuziba tundu, haikuwa shida, ilishatoka. Shida ni kwamba kila timu ilikuwa na skripti zake kwenye laptopu ya mtu, ukiuliza nani kaapdeti seva gani unaambiwa muulize fulani, na fulani yuko likizo. Sisi tulikuwa ndo kwanza tumesimika AWX, yani sehemu moja ambako zinaendeshwa pleibuku (orodha za hatua) zote za Ansible, zana ya kufanya kazi moja kwenye seva nyingi kwa mpigo, ila timu nyingi bado zilikuwa zinasitasita.

Mzee wa database ndo alikuwa mgumu kuliko wote, na alikuwa na haki, paswedi ya ruti ya seva zenye data za wateja haigawiwi hivi hivi. Nikamwambia, "Mzee, njoo uiingize mwenyewe kwenye AWX." Akaandika, akasevu, nikafungua tena mbele yake, pale kwenye paswedi pameandikwa ENCRYPTED tu. Yani naweza kuitumia kwenye kazi lakini kuisoma siwezi, na kila kazi inabaki na jina la aliyeiwasha na saa yake. Akaangalia weee, mwisho akasema haya, ila anzeni na za majaribio.

Tukaanza na hizo. Halafu zilizobaki tukazipeleka kwa mafungu ya asilimia 10, fungu likigoma kazi inasimama hapo hapo kabla haijagusa jingine, na hili mimi naliona ni muhimu kuliko spidi, maana mtambo unaofika kila mahali kwa dakika chache unaweza pia kuharibu kila mahali kwa dakika hizo hizo.

Kuhakiki hatukutegemea namba ya toleo, kwa sababu distro nyingi, yani aina mbalimbali za Linux, zinarudisha pachi kwenye toleo la zamani na namba inakudanganya. Tukaendesha sudoedit -s / kama yuza wa kawaida kwenye kila seva, jibu likianza na "sudoedit:" bado ina tundu, likianza na "usage:" imepona. Jioni majibu ya usage yakawa yanashuka tu kwenye skrini.

Zikabaki nyekundu, zisizofikika. Nyingine zilishazimwa zamani ila bado zimo kwenye inventori, yani orodha yetu ya seva kwenye AWX, na tulipolinganisha na orodha ya mashine pepe tukakuta kinyume chake, seva zinawaka na hakuna timu inayozikubali. Kesho yake mzee wa database akaja na orodha yake mwenyewe, akakaa pembeni yangu, tukaanza kuzipitia moja moja.