Nilivyoielewa "had gone" na "should have gone" kwa kupitia Kiswahili

Kilichonifungulia "had" ni sentensi mbili za kwetu: "Nilipofika, aliondoka" na "Nilipofika, alikuwa ameondoka." Katika ya kwanza tulipishana mlangoni, katika ya pili nilikuta kiti kitupu. Kiingereza nacho kinatenganisha hivyohivyo: "When I arrived, she left" na "When I arrived, she had left." Kwa hiyo "alikuwa ame-" mara nyingi ndiyo "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi: gone, eaten, written. Nikikwama, naijaribu sentensi kwa Kiswahili. Ikiikubali "alikuwa ame-", kwa kawaida naweka "had".

Kosa nililolirudia mno ni kupachika "had" kila jambo likiwa la zamani. Umri wa tukio hauhusiki. "Shakespeare had died in 1616" ikisimama peke yake inamwacha msomaji akingoja tukio lililofuata, "died" inatosha. Hata "He left before I arrived" haidai "had", kwani "before" imeshapanga nani alitangulia.

"Should", "could", "must" na "might" zilinitesa zaidi. Zenyewe hazibebi vizuri wakati uliopita, basi mzigo huo hubebwa na "have" inayofuata, nayo haibadiliki hata mtendaji akiwa "she". "She should has gone" ni kosa. Na kwa kuwa "should've" husikika kama "should of", wengi huiandika hivyo. Hilo nalo ni kosa.

Maana zake nilizishika kwa kitenzi kimoja tu, kupiga simu. "She should have called": ilimpasa apige, hakupiga. "She could have called": nafasi ya kupiga alikuwa nayo. "She might have called": huenda alipiga. "She must have called": bila shaka alipiga, maana namba yake naiona hapa. Hii ya mwisho ndiyo yenye mtego, kwa sababu "lazima" yetu ina kazi mbili. Ukitaka kusema ilimlazimu apige, ni "She had to call." Na ukiwa na hakika kwamba hakupiga, sema "She can't have called", si "mustn't have".

"Would have" ni "-ngali-". Siku hizi wengi tunasema "angepiga, ningekuja" kwa nafasi iliyopo na iliyopita pia, na hapo ndipo tafsiri huharibika. Mimi kwanza naigeuza: "angalipiga, ningalikuja." Ikikaa sawa, nafasi imeshapita, naandika "If she had called, I would have come." Upande wa "if" siweki "would" kabisa.

Imebaki 'd, kifupi cha "had" na cha "would" vilevile. Tazama kitenzi kinachofuata: "she'd gone" ni "had", "she'd go" ni "would". Vitenzi kama "cut" na "put", ambavyo maumbo yake matatu yanafanana, havitoi dalili hiyo, na hapo inabidi usome sentensi ya kabla yake.