Asali ni ya nani?

Jana nimerudi nyumbani Isevya, hapa Tabora, nanuka moshi, unga umejaa kwenye kucha. Darasa langu la awali tumeoka mkate wa asali.

Nilitaka watoto wapime, wahesabu, halafu wasubiri. Kusubiri ndiko kugumu kwa mtoto wa miaka mitano, na hamira haibembelezwi. Kwa hiyo tulikanda kwanza. Hadithi ikaja wakati unga umefunikwa kitambaa karibu na jiko.

Unga wa ngano kilo 2, maji ya vuguvugu, hamira, chumvi, mafuta, na asali vijiko 10 tulivyovihesabu kwa sauti mara mbili kwa sababu cha saba kilibishaniwa. Sukari sikuweka. Asali inauzwa kwa madumu kando ya barabara zetu, niende dukani kutafuta sukari? Hamira niliikoroga pembeni na asali kidogo, bakuli likapita mkono kwa mkono waone povu. Nikawaeleza kuwa hamira ni viumbe hai vidogo mno, vinakula utamu na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua unga. Mmoja akatega sikio kwenye bakuli: "Mwalimu, vinatafuna!"

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Nusu yao walikuwa wanalamba vidole.

Ni ile ya zamani: Sungura anamdanganya Kobe kuwa baba yake kamrithisha asali iliyo kwenye mbuyu. Wanapanda na mienge ya majani, wanafukuza nyuki kwa moshi, na Simba mwenye mti anawakuta hukohuko juu. Sungura anachoropoka kwa ujanja wake. Kobe anamwambia Simba: ukitaka kuniua, nisugue kwenye tope mpaka gamba linitoke. Simba anasugua, anasugua, viganja vinachubuka, Kobe kashazama zamani. Hapo nikafunua unga ulioumuka, nikasema sasa nyie ndio Simba. Sijawahi kuona unga ukikandwa vile.

Mama mmoja alipita na kichanga mgongoni, akataka kukipaka asali mdomoni. Nikamwomba asikipe. Mtoto asiyetimiza mwaka hapewi asali, hata iwe safi vipi, maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga. Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa kijiji. Hapa kwetu asali ni dawa ya kila kitu, namwelewa.

Oveni hatuna. Tulioka kwa sufuria, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, watoto nyuma ya mstari niliouchora kwa chaki. Nikakosea: nilipanga makaa kama ninavyopangia mkate wa sukari, nikasahau kuwa asali hushika rangi upesi. Wa kwanza ulitoka mweusi juu. Tuliukwangua kwa kisu, ukaliwa wote.

Somo langu nilikuwa nimeliandaa vizuri: tusichukue cha mtu. Tukiwa tunatafuna, binti mmoja akauliza kama asali ilikuwa ya Simba. Ndiyo, nikasema, mti ulikuwa wake.

"Kwani Simba ndiye aliyeitengeneza?"

Miaka yote ninaisimulia ngano hii na nyuki kwangu walikuwa moshi tu, kitu cha kufukuzwa ili hadithi iendelee. Nikamwambia akaulize nyumbani, jibu la mwalimu aliyebanwa.

Leo asubuhi amenisubiri mlangoni. Shikamoo haijaisha vizuri, ameshaanza: babu yake anarina, ana mizinga ya magome porini, na amesema asali ni ya nyuki. Yeye huwa anawaachia masega mengine, la sivyo wanahama na mzinga unabaki mtupu.

"Na Simba je?"

"Babu amesema Simba hali asali."

Nimemwambia amwombe babu aje darasani wiki ijayo. Sasa wenzake wanataka kujua siku hiyo tutaoka nini.