Siku moja maishani mwangu: vani, bibi na miti ya redwood

Saa 11 alfajiri. Eureka, kaskazini mwa California. Ni Julai, lakini vioo vya vani vimelowa chapachapa kwa ukungu. Wageni huulalamikia sana. Mimi siku nisipouona ndipo napata wasiwasi, kwa sababu kiangazi pwani hii haina mvua ya maana, na watafiti wanakadiria kwamba karibu theluthi ya maji yanayoingia kwa mwaka kwenye misitu hii ya redwood, miti mirefu kuliko yote duniani, hutokana na ukungu. Unanasa kwenye majani huko juu, unadondoka, mizizi inakunywa. Napima upepo wa matairi, naangalia oili, najaza tenki kabisa maana mbele vituo vya mafuta ni vya kuhesabu. Ramani nimeshazipakua kwenye simu. Ukiingia msituni, mtandao sahau.

Saa 1 asubuhi. Abiria wangu wiki hii ni ukoo mmoja wa Watanzania waliotapakaa majimbo mbalimbali ya Marekani. Wamekodi vani nzima kumtembeza bibi yao aliyekuja kutoka Moshi. Kazi kama hii haiji mara nyingi: kushinda unaongea Kiswahili na bado unalipwa.

"Shikamoo bibi, umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimeamka na baridi. Hivi wewe ni mtu wa wapi?"

"Tanga, bibi."

"Tanga! Basi leo tutafika kwa raha zetu."

Saa 3. Tunapita mji mdogo wa Orick, tunakata kulia kupanda barabara ya Bald Hills. Mlima ni mkali, nashusha gia na vani inanguruma mpaka juu, kwenye maegesho ya msitu wa Lady Bird Johnson Grove. Hifadhi ya Taifa ya Redwood ilianzishwa mwaka 1968, wakati misumeno ilikuwa imeshakula sehemu kubwa ya pwani. Leo msitu wa kale ambao haujawahi kukatwa umebaki kama asilimia 5 tu.

Hatujavuka hata daraja la kuingilia, mjukuu mmoja ananisogelea: "Anko, Hyperion iko wapi?"

Kila kundi lina mtu wa swali hili. Hyperion ndio mti mrefu kuliko yote iliyo hai duniani, karibu mita 116, na uligunduliwa mwaka 2006. Hauna njia. Watu walijichongea njia zao kwa miguu, wakakanyaga mimea na kuacha uchafu, hadi mwaka 2022 hifadhi ikapafunga. Ukikamatwa huko, faini inafika dola 5,000 na kifungo hadi miezi sita. Mimi sipeleki mtu, na hata pangefunguliwa kesho nisingehangaika napo. Ukisimama chini yake kilele hukioni. Utapiga picha gome, na magome hapa yamejaa kila upande.

Bibi yeye hatazami juu. Amesimama mbele ya mti ulioanguka, anachunguza mizizi iliyong'oka.

"Mbona mifupi hivi?"

Namweleza kwamba mti wa mita 100 unaweza kuwa na mizizi isiyozidi mita 4 kwenda chini, ila inatambaa pembeni hata mita 30 na kusukana na ya majirani. Anatikisa kichwa, hajaridhika. Nami nachomekea habari yangu ya siku zote: mti mrefu zaidi uliowahi kupimwa Afrika ni mkukusu, mita 81.5, uko kwenye korongo huko huko Kilimanjaro, na ulitangazwa mwaka 2016. Wajukuu wanashangaa. Bibi wala.

"Mkukusu? Babu yenu alikuwa anaupasua mbao."

Saa 6 mchana. Prairie Creek, meza za kulia. Elk, wanyama wakubwa jamii ya kulungu, wako mbugani, madume na pembe zao zenye matawi, wanatafuna tu. Nawakumbusha watu kukaa mbali, halafu naingia kwenye sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyeniambia nilipoajiriwa: kusimamia makombo.

Bibi amefungua bakuli la maandazi aliyokaanga jana usiku. Kabla sijamaliza kusema karibuni, ndege wa buluu mwenye kishungi cheusi ameshatua ukingoni mwa meza. Anaitwa Steller's jay, na hana aibu hata kidogo. Shida si andazi. Shida ni kwamba penye makombo ndege hawa huongezeka, na wakiongezeka hula mayai ya murrelet, ndege mdogo wa baharini anayeruka kutoka Pasifiki kuja kutaga humu. Murrelet hajengi kiota. Anataga yai moja tu juu ya tawi nene lenye kuvumwani, tena kwenye miti mikongwe. Wamepungua mno. Ndiyo maana hifadhi inaomba usiache hata chembe.

Kuwaeleza watu wazima kwamba chembe ya andazi inaweza kumwangamiza ndege wa baharini ni kazi. Wengine hunicheka. Bibi hakucheka. Alitandaza khanga mapajani, akawaamuru wote wainamie bakuli wanapokula, kisha akapangusa meza kwa kiganja, akalamba kidole ili kuokota chembe zilizoingia kwenye ufa wa mbao. Yule ndege alisubiri, akasubiri, akaondoka zake.

Saa 8. Daraja la mto Klamath, lenye sanamu za dubu wa rangi ya dhahabu. Hapa ni kwa Wayurok, wenyeji wa asili, ambao tangu zamani huchonga mitumbwi kwa redwood. Mabwawa manne ya umeme kwenye mto huu yalibomolewa, kazi ikamalizika mwaka 2024, na samaki aina ya salmon wakaanza kupanda tena. Mbele yake, Last Chance Grade, mlima unaporomokea baharini pamoja na barabara. Mafundi wako kazini, tunasubiri zamu yetu. Nusu ya abiria wanakoroma.

Saa 9 na nusu alasiri. Howland Hill, barabara ya vumbi karibu na Crescent City. Magari ya kulala hayashauriwi kupita, na utaelewa mwenyewe ukifika: mahali pengine nakunja vioo vya pembeni ndipo nipenye kati ya vigogo viwili. Kangaga za kando ya njia zimegeuka kijivu kwa vumbi letu sisi madereva. Hilo huniuma kila nikipita, kwa hiyo naenda mwendo wa kobe. Stout Grove nawashusha wote, simu mfukoni, dakika 40.

Saa 1 usiku. Tumerudi Eureka, kumbe jua bado halijazama. Nafagia vani, naandika kilometa na risiti za mafuta. Kesho ni kusini, barabara ya Avenue of the Giants, halafu mji mdogo wa Leggett, na ubishi umeshaanza kwenye kundi la WhatsApp: wajukuu wanautaka ule mti uliotobolewa miaka ya 1930 ili gari lipite katikati. Nimewajibu kwamba tundu lile lina kimo cha mita 2 na kidogo, na vani yetu ina paa la juu. Wameniuliza kama kuna pa kukodi gari dogo. Bibi ametuma sauti: yeye anakaa kiti cha mbele, na maandazi atakaanga mengine.