Nilivyompikia mama mkwe vya kwao

Mama mkwe wangu alitimiza miaka 70 wiki ya mwisho ya Oktoba. Mimi kwa kiherehere changu nikatangaza mbele ya mawifi wote kwamba shughuli itafanyika kwetu, hapa Cork, Ayalandi, na kwamba nitapika mimi, tena chakula cha kwao. Watu 14. Kimya kikapita kidogo. Wamezoea nikileta pilau na sambusa, hapo hakuna anayebisha. Lakini kumpikia Muayalandi chakula cha Kiayalandi ni sawa na mgeni aje Tanga aseme atakupikia wali wa nazi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa nguruwe. Bekoni na kabichi kwao ni chakula cha heshima, na nguruwe haingii jikoni kwangu. Mume wangu alisilimu zamani na ndugu zake wameshazoea, ila nilitaka meza isionekane ina pengo. Nikakaa na mama mkwe tukapanga: mchuzi wa kondoo, colcannon (viazi vya kupondwa na majani), mkate wa soda, na barmbrack ya chai, mkate wao mtamu wa zabibu. (Huku mkwe humwita mama mkwe kwa jina lake. Ulimi wangu umekataa, namwita Mama, naye anaitika.)

Mkate ndio ulionitoa jasho. Nilianza mazoezi wiki tatu kabla. Unga gramu 450, chumvi kijiko cha chai, magadi kijiko cha chai (soda ya kuokea, siyo ile ya kulainishia maharage) na mtindi kama mililita 400. Vitu vinne tu, nikasema hii kazi ya mtoto. Nikakanda kama chapati, dakika kumi, mpaka unga ukalainika vizuri. Kilichotoka kwenye oveni ungeweza kuzuilia mlango.

Jumamosi iliyofuata Mama akaja kusimama nyuma yangu. Sikufika mbali, akanishika kifundo cha mkono. "Acha, unaunyonga." Akatanua vidole vyake, akavikaza kama mtu anayetaka kukamata kaa, akazungusha bakuli mara chache, basi. Unga bado una mabonge, unanata, mimi kwa macho yangu ya Kitanga naona haujawa kitu. Yeye ameshauumba duara, ameshaupaka unga juu.

Akanieleza sababu. Ngano ya kwao ni laini, haina nguvu ya kuubeba mkate wa hamira vizuri, ndiyo maana magadi yalipoingia nchini karne ya 19 watu waliyapokea kwa mikono miwili. Uchachu wa mtindi ukigusa magadi, mapovu yanaanza hapo hapo, na hayakungoji. Ukikanda unayatoa, na mkate unakuwa mgumu juu ya hilo. Kwa hiyo oveni iwe imeshashika moto kabla hujagusa mtindi. Halafu unakata alama ya msalaba juu, kisu kizame kabisa. Wazee wao walisema ni kuwatoa majini waliomo ndani. Mimi nakata kwa sababu bila hivyo katikati hapaivi.

Tulipokuwa tunasubiri akanisimulia bibi yake, ambaye hakuwahi kuwa na oveni. Alikuwa na bastible, sufuria zito la chuma lenye miguu mitatu, na moto wa ule udongo wa mabwawani wanaoukausha na kuuchoma kama kuni. Mkate ndani, mfuniko juu, makaa juu ya mfuniko.

Nikacheka. Nikamwambia bibi yangu mimi alipika mkate wa kumimina vivyo hivyo, anafunika sufuria halafu anapalia makaa.

"Na moto wa chini unakuwa mdogo kuliko wa juu?" akauliza.

"Mdogo sana. La sivyo unaungua kitako."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyekutana na fundi. Tangu siku ile aliacha kunisimamia.

Mchuzi haukunisumbua, kilichonisumbua ni mkono wangu. Kondoo nilimchukua bucha la halali, shingo na bega, kilo 3 na mifupa yake. Nyama haikaangwi, hakuna thomu, hakuna tangawizi. Viazi vyembamba chini viyeyuke vizitishe supu, kisha nyama, vitunguu, kijiti cha thaimu, na viazi vizima juu viive kwa mvuke. Moto mdogo, saa mbili. Karoti zina kesi yake: wapo wanaoapa kuwa mchuzi wa kweli hauna karoti. Mama hutia, nikatia. Mara mbili nilijikuta nimefungua kopo la binzari nyembamba, mara mbili nikalifunga. Chumvi na pilipili manga, na ladha yote inatoka kwenye mfupa. Nakiri nilipoonja nilishangaa.

Colcannon Wakenya wataiona ni mukimo isiyo na mahindi: viazi vya kupondwa, maziwa ya moto, majani ya mboga iitwayo "kale", ambayo ni ndugu wa sukuma wiki, na kitunguu cha majani. Unachimba kishimo katikati unajaza siagi. Ponda kwa mkono. Nilishawahi kutumia blenda, nikapata gundi.

Barmbrack nililoweka zabibu usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyopoa. Humo ndimo walimoruhusu mdalasini, kungumanga na karafuu, nami nikaiachia karafuu kidogo zaidi ya kipimo. Ndani nikaficha pete iliyofungwa kwenye karatasi, kama desturi yao ya Oktoba inavyotaka. Atakayeipata ataoa au kuolewa kabla mwaka haujaisha.

Sufuria la mchuzi lilirudi jikoni tupu. Mama alipaka siagi kipande cha mkate, nene kuliko mkate wenyewe, akala bila kusema neno, kisha akanyoosha mkono kuchukua cha pili. Nikaona yametosha.

Ikaja barmbrack. Watu wanatafuna taratibu wakihofia meno. Mume wangu akaacha kutafuna, akatoa kikaratasi mdomoni.

Meza nzima ikanigeukia. Wifi mdogo, uso mkavu kabisa, akauliza: "Si mnaruhusiwa wanne?"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nikaichukua pete, nikaipangusa makombo, nikaivaa. Ilikuwa shaba ya bei rahisi, ikaniachia rangi ya kijani kidoleni siku tatu.