Lysander imetua kwa tochi tatu (mradi wa simuleta: vita yangu na trimu)
Aisee jana usiku imekubali!! Lysander, ile ndege ndogo ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili iliyopeleka na kuchukua majasusi usiku, imeshuka kwenye kiwanja changu cha Ufaransa ndani ya simuleta ya kurusha ndege kwa tochi tatu na mbalamwezi basi, ikageuka, ikapakia abiria, ikapaa. Nimefurahi mno.

Wanaofuatilia huu mradi wanajua nataka safari kamili za skwadroni ya 161 ya RAF (jeshi la anga la Uingereza), wale wa kituo cha Tempsford ambao mwezi ukikaribia kujaa Lysander zao zilisogea Tangmere karibu na bahari. Kiwanja hakikunipa tabu: tochi A, halafu B yadi 150 mbele upepo unakotokea, C yadi 50 kulia kwa B. Unagusa chini pale A, unageukia kati ya B na C, unarudi A kuchukua watu. Rubani yuko peke yake, ramani gotini, na asipoona herufi ya Morse waliyokubaliana ikimulikwa kwa tochi kutoka chini hatui, anarudi zake.

Kilichonitesa ni trimu, ile gurudumu ya kusawazisha pua ya ndege ipande au ishuke bila kung'ang'ania fimbo. Slati na flapu za hii ndege (vibao vya mbele na nyuma ya bawa) zinajifungua zenyewe spidi ikishuka, kwa hiyo ukija polepole inabidi uzungushe trimu nyuma karibu yote ndio itulie. Sasa umeona unapitiliza tochi A, umefungua throto (mkono wa nguvu ya injini) urudie mzunguko, ile injini ya Mercury ya hospawa 870 inavuta na pua inanyanyuka juu, unasukuma fimbo mpaka mwisho haishuki, spidi inakata, unadondoka. Na sio simuleta inadanganya, ndege halisi ndivyo ilivyokuwa, lazima urudishe trimu kwanza ndio uongeze moto! Mimi trimu ilikuwa kwenye vitufe vya kibodi, inakwenda taratibu mno. Nikapunguza trimu wakati wa kushuka, ikaja kasi ikamaliza yadi 150 zote ikaingia kwenye miti. Nikafungua throto nusu, haipandi, miti ile ile. Nikaongeza kasi ya vitufe kwenye setingi, trimu ikawa inaruka hovyo, hata kutua kwenyewe kukashindikana.

Dawa imekuwa joistiki kuukuu yenye sleda (kitufe cha kuteleza mbele na nyuma), nimeiweka kushoto ubavuni mwa throto na sleda ndio trimu sasa, mkono mmoja unafika kote kuwili. Sleda mbele, hesabu moja mbili, throto. Basi! Watu wanasifia sana zile yoku (usukani wa ndege) za bei mbaya lakini kwa Lysander sizitaki, rubani wake alishika fimbo, na sleda ya bei chee imefanya kazi ambayo yoku isingefanya.

Rangi pia nimebadili. Wenyewe walianza na nyeusi tupu, wakaja kuona ndege ikipita juu ya mawingu yenye mwezi inaonekana wazi kwa aliye juu yake, wakarudisha kijani na kijivu mgongoni, tumbo likabaki jeusi.

Kilichofuata kwenye mpango ni njia ya kwenda mpaka mto Loire huko Ufaransa na tangi la ziada la galoni 150, ila nimekutana na habari za 1st Air Commando, kikosi cha anga cha Wamarekani, Burma 1944, mwaka ule ule askari wetu wa KAR (King's African Rifles) walikuwa wanapigana huko huko, na kichwa kimehama kabisa. Hawa walishusha glaida (ndege zisizo na injini) usiku porini, na Aprili rubani wao Carter Harman akaokoa watu kwa helikopta ya Sikorsky YR-4, joto lile inabeba abiria mmoja mmoja. Ukiniuliza, kazi ya hivi vikosi ni ile ile tangu tochi tatu: uingie pasipo na uwanja, umchukue mtu, utoke. Marekani 1980 walikwenda Iran kuokoa mateka na helikopta 8, zikabaki nzima 5, wakaghairi, na wakati wa kuondoka helikopta ikagongana na ndege ya mizigo C-130, wakafa watu 8. Hakukuwa na kikosi cha helikopta kilichoandaliwa kwa kazi hiyo tu, na mwaka uliofuata kikazaliwa kikosi cha helikopta cha 160 cha Fort Campbell.

Kwa hiyo Loire imesimama, nimeanza YR-4. Mwenye picha nzuri ya ndani ya chumba cha rubani anisaidie jamani, hasa upande wa kolektivu (mkono wa kupandisha na kushusha helikopta).